Mechi Nane na Kiti cha Meneja: Newcastle United, 1892–2025

Dibaji

Vitabu vya kumbukumbu za klabu za mpira hukimbilia vikombe, na Newcastle United inavyo vya kujaza kurasa: ubingwa wa Uingereza mara 4, Kombe la FA mara 6, Kombe la Miji ya Maonyesho la mwaka 1969 na Kombe la Ligi la mwaka 2025. Historia hii inavihesabu vikombe hivyo, lakini inafuata uzi mwingine, nao ni kiti cha meneja: nani alikikalia, na alipewa nini alipokikalia. Uzi huo haukwepi majira ya kuchipua ya mwaka 2009. Wakati huo Alan Shearer, mfungaji aliyeifungia klabu mabao mengi kuliko mwingine yeyote, aliongoza timu kwa mechi 8, akashinda 1, na timu ikashuka daraja.

Mashabiki wamezihukumu mechi hizo kwa namna mbili. Wapo wanaozichukua kuwa ushahidi kwamba mchezaji mkubwa hawi kocha mkubwa. Wapo wanaosema alikabidhiwa timu iliyokwisha kufa, kwa hiyo hana la kujibu. Hukumu zote mbili zinamtazama mtu na kukisahau kiti. Hoja ya kurasa hizi ni kwamba Newcastle imefanikiwa zaidi ya mara moja chini ya wachezaji wa zamani, na kila ilipofanikiwa, meneja alikuwa na angalau viwili kati ya vitu vitatu: maandalizi ya kazi, muda wa kuifanya, na kauli katika usajili. Mwaka 2009 vyote vitatu vilikosekana kwa pamoja, na klabu ikataraji jina kubwa lijaze nafasi yao.

1892–1930: Klabu isiyo na meneja

Klabu ilizaliwa kwa sababu ya hesabu. Katika miaka ya 1880 mji wa Newcastle ulikuwa na timu mbili kubwa, East End na West End, zilizogombania watazamaji walewale na fedha zilezile. West End ilivunjika mwaka 1892. East End ikahamia uwanja wa St James' Park ulioachwa wazi, na Desemba mwaka huohuo ikachukua jina la Newcastle United ili watu wa pande zote za mji wajione ndani yake. Mwaka 1893 iliingia kwenye ligi kupitia daraja la pili, na mwaka 1898 ikapanda daraja la kwanza.

Timu haikuwa na meneja kwa zaidi ya miongo mitatu. Wakurugenzi waliketi kama kamati na kupanga kikosi, huku kazi za kila siku zikiwa mikononi mwa katibu, Frank Watt, aliyeanza kazi mwaka 1895 na kudumu nayo hadi alipofariki mwaka 1932. Kwa mfumo huo Newcastle ilitwaa ubingwa mwaka 1905, 1907, 1909 na 1927, na Kombe la FA mwaka 1910 na 1924. Mtu anaweza kuuliza: kama ubingwa wote 4 ulipatikana bila meneja, kiti hicho kina uzito gani? Jibu ni kwamba kazi ya meneja ilikuwepo, ila haikuwa ya mtu mmoja. Ilijulikana nani anasajili, nani anapanga timu, na nani atakuwepo msimu ujao. Katibu mmoja kwa zaidi ya miaka 35 ni uthabiti ambao baadaye klabu hii haikuupata tena kwa meneja yeyote.

1930–1975: Wachezaji wa zamani wanakabidhiwa timu

Meneja wa kwanza kabisa, Andy Cunningham, alikuwa mchezaji. Alisajiliwa kutoka Rangers ya Scotland mwaka 1929, na mwaka 1930 akapewa kazi ya umeneja. Chini yake Newcastle ilitwaa Kombe la FA mwaka 1932 kwa kuifunga Arsenal mabao 2-1, kisha ikashuka daraja mwaka 1934. Hakutimuliwa papo hapo, aliendelea hadi 1935. Historia ya Cunningham inaonyesha mapema kwamba mtu mmoja anaweza kuleta kombe na kushusha timu, na kwamba mwaka mmoja wa kazi yake hautoshi kumpima.

Baadaye alikuja mtu aliyejenga zaidi akiwa ofisini kuliko uwanjani. Stan Seymour, winga aliyefunga katika fainali ya Kombe la FA ya 1924 na kuwa bingwa mwaka 1927, aliingia kwenye bodi ya wakurugenzi na kwa vipindi tofauti akasimamia timu bila kubeba rasmi cheo cha meneja. Timu iliyobeba Kombe la FA mwaka 1951 na 1952 ilikuwa chini ya uangalizi wake. Seymour aliijua klabu kwa miongo kadhaa, aliamua usajili, na hapakuwa na mtu wa kumwondoa kwa sababu ya mechi mbili mbaya.

Nahodha wa timu hiyo, Joe Harvey, ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Alipoacha kucheza hakurukia kiti cha St James' Park. Alibaki kwanza kwenye benchi la ufundi la klabu, kisha akaenda kujifunza umeneja katika klabu ndogo za kaskazini, Barrow na Workington. Aliitwa nyumbani mwaka 1962 akiwa ameiva. Alipandisha timu mwaka 1965, akatwaa Kombe la Miji ya Maonyesho mwaka 1969 kwa kuifunga Újpesti Dózsa ya Hungaria jumla ya mabao 6-2, na akafika fainali ya Kombe la FA mwaka 1974. Alikaa miaka 13.

Mwenzake uwanjani, Jackie Milburn, alikuwa na hatima nyingine. Milburn aliifungia klabu mabao 200, rekodi iliyodumu hadi Shearer alipoipita mwaka 2006. Mwaka 1963 alipewa timu ya Ipswich Town, akimrithi Alf Ramsey aliyeipa Ipswich ubingwa mwaka 1962. Msimu wake wa kwanza ulikwisha kwa kushuka daraja, na mwaka 1964 akaondoka. Harvey na Milburn walicheza timu moja, wakabeba makombe yaleyale na kupendwa na mashabiki walewale. Milburn ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi, lakini Harvey ndiye aliyetangulia kupita Barrow na Workington.

1975–2007: Keegan, Hall na Robson

Kevin Keegan ndiye pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii. Alicheza Newcastle kuanzia 1982 hadi 1984 na kuisaidia kupanda daraja. Februari 1992 alikabidhiwa timu iliyokuwa ikielekea daraja la tatu, naye hakuwa amewahi kuwa meneja popote. Zilibaki mechi 16. Timu ilinusurika, mwaka 1993 ikapanda Ligi Kuu, na mwaka 1996 ikamaliza ya pili baada ya kuongoza ligi kwa muda mrefu. Ikiwa Keegan aliweza bila maandalizi, kwa nini maandalizi yawe sharti?

Hayakuwa sharti peke yake, na ndiyo maana hoja inasema viwili kati ya vitatu. Keegan alikuwa na mechi 16, mara mbili ya alizopewa Shearer, katika daraja la chini ambako makosa ya mwanafunzi hayaadhibiwi kila Jumamosi. Alikuwa pia na Sir John Hall, aliyekuwa akichukua hatamu za klabu na aliyekuwa tayari kutoa fedha. Machi 1992 Keegan aliondoka kwa sababu fedha za usajili alizoahidiwa hazikuonekana, na alirejea baada ya kuhakikishiwa. Kwa hiyo ndani ya majuma machache ya kwanza suala la nani ana kauli katika usajili lilikwisha kuulizwa na kujibiwa. Mafanikio yaliyofuata yalijengwa juu ya jibu hilo, na Julai 1996 yaliwezesha kumnunua Shearer, mzaliwa wa mji huohuo, kwa pauni milioni 15, bei ambayo hakuna klabu duniani iliyokuwa imewahi kulipa.

Shearer alicheza miaka 10 na kufunga mabao 206. Katika kipindi hicho aliona mameneja wa kila namna: Keegan, Kenny Dalglish, Ruud Gullit, Sir Bobby Robson, Graeme Souness na Glenn Roeder. Miaka mitano ya Robson, 1999 hadi 2004, ilileta nafasi ya 4, ya 3 na ya 5 kwa misimu mitatu mfululizo. Robson alipoachishwa kazi Agosti 2004, mwanzoni tu mwa msimu, ukaanza mtindo wa kubadilisha meneja kila mambo yanapokwama, ambao ungeigharimu klabu miaka mitano baadaye.

2007–2009: Kiti kinapunguzwa miguu

Mike Ashley aliinunua klabu mwaka 2007 na kuanzisha mfumo ambao ulikuwa wa kawaida Ulaya bara: meneja anafundisha, na mkurugenzi anashughulikia usajili. Mfumo huo si mbaya kwa asili yake. Ubaya ulikuwa kwamba mipaka haikukubaliwa na pande zote. Keegan, aliyerudishwa Januari 2008, aliondoka Septemba mwaka huohuo kwa sababu wachezaji walisajiliwa bila ridhaa yake. Oktoba 2009 jopo la usuluhishi la Ligi Kuu lilimpa haki na kuamuru alipwe pauni milioni 2. Hukumu hiyo ni waraka muhimu katika historia ya taasisi hii, kwa kuwa inathibitisha kutoka nje ya klabu kwamba meneja wa Newcastle mwaka 2008 hakuwa na mamlaka aliyoelezwa kuwa anayo.

Msimu wa 2008–09 timu iliongozwa na watu wanne: Keegan, Chris Hughton kwa muda, Joe Kinnear, Hughton tena baada ya Kinnear kuugua moyo Februari 2009, kisha Shearer. Klabu ilitangazwa kuuzwa Septemba na kuondolewa sokoni Desemba. James Milner aliuzwa Aston Villa Agosti, na kipa Shay Given akaenda Manchester City dirisha la Januari lilipokuwa likifungwa. Shearer alipoteuliwa Aprili 1 dirisha hilo lilikuwa limefungwa kwa miezi miwili, kwa hiyo hakuweza kusajili hata mchezaji mmoja. Ama maandalizi, aliwahi kumsaidia Roeder kwa muda mwaka 2006, na tangu alipostaafu alikuwa mchambuzi wa televisheni.

Aprili–Mei 2009: Mechi nane

| Tarehe | Mpinzani | Uwanja | Matokeo ya Newcastle |
|---|---|---|---|
| Aprili 4 | Chelsea | Nyumbani | 0-2 |
| Aprili 11 | Stoke City | Ugenini | 1-1 |
| Aprili 19 | Tottenham | Ugenini | 0-1 |
| Aprili 27 | Portsmouth | Nyumbani | 0-0 |
| Mei 3 | Liverpool | Ugenini | 0-3 |
| Mei 11 | Middlesbrough | Nyumbani | 3-1 |
| Mei 16 | Fulham | Nyumbani | 0-1 |
| Mei 24 | Aston Villa | Ugenini | 0-1 |

Newcastle ilivuna pointi 5 kati ya 24 na kumaliza ya 18 kwa pointi 34. Hull City iliyobaki salama ilikuwa na 35, na tofauti yake ya mabao ilikuwa mbaya kuliko ya Newcastle. Siku ya mwisho Hull, Sunderland na Middlesbrough zote zilifungwa. Sare pale Villa Park ingetosha, lakini Damien Duff alijifunga na bao hilo likabaki peke yake hadi filimbi ya mwisho. Misimu 16 mfululizo ya Ligi Kuu ikaishia hapo.

Jedwali lenyewe linaonyesha mahali palipouma. Kabla ya Shearer timu iliruhusu mabao 49 katika mechi 30. Chini yake iliruhusu 10 katika mechi 8, wastani mdogo kuliko wa awali. Upande wa kufunga ulianguka, kutoka mabao 36 katika mechi 30 hadi 4 katika mechi 8, na 3 kati ya hayo 4 yalipatikana usiku mmoja dhidi ya Middlesbrough. Ulinzi unaweza kupangwa upya kwa mazoezi ya juma moja au mawili. Kufunga kunahitaji mazoea kati ya wachezaji na, inapobidi, mshambuliaji mpya. Aliyeifungia klabu mabao 206 hakuweza kumhamishia mwingine ufundi huo kwa maneno ya chumba cha kubadilishia nguo.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la hesabu. Timu ilikuwa na pointi 29 katika mechi 30, karibu pointi 1 kwa kila mechi. Ingeendelea kwa wastani huohuo ingefika 36 na kunusurika, kwa hiyo Shearer aliifanya mbaya zaidi. Hesabu ni sahihi, lakini inachanganya timu ya Oktoba na timu ya Machi. Tangu ushindi wa Februari 7 dhidi ya West Bromwich Albion, Newcastle ilicheza mechi 5 kabla ya uteuzi wake na kupata pointi 2 tu. Alichopokea ni timu inayoanguka, na wastani wake wa pointi, mdogo kama ulivyo, ulizidi ule wa mechi hizo 5. Lawama haimwondokei yote, kwa sababu kufungwa nyumbani na Fulham katika mechi ya saba kulitokea kwa kikosi alichokipanga mwenyewe. Inachokataa historia hii ni kumbebesha mtu mmoja mteremko ulioanza kabla yake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, kwa kuwa linatoka msimu uleule. Desemba 2008 Bournemouth, ikiwa karibu na mkia wa daraja la nne na imekatwa pointi 17, ilimkabidhi timu Eddie Howe, beki wake wa zamani mwenye umri wa miaka 31. Aliinusuru. Kama kijana asiye na jina aliweza kwa mzigo ule, nguli alishindwaje? Tofauti inarudi kwenye vitu vilevile vitatu. Howe alikuwa tayari mkufunzi ndani ya klabu hiyo, na alipata karibu nusu ya msimu pamoja na dirisha la Januari mbele yake. Mfano huu unaothibitisha kwamba mchezaji wa zamani asiye na rekodi anaweza kuokoa timu unaonyesha pia anahitaji nini ili aweze.

2009–2025: Kiti kinarudishiwa miguu

Baada ya kushuka, Shearer hakupewa kazi ya kudumu. Timu ilibaki kwa Hughton, beki wa zamani wa Tottenham aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi chini ya mameneja tofauti katika klabu hiyo. Akiwa na wengi wa wachezaji walioshuka, akina Steve Harper, Fabricio Coloccini, Kevin Nolan na Andy Carroll, alitwaa ubingwa wa daraja la pili kwa pointi 102 bila kufungwa nyumbani katika ligi. Daraja lile lilikuwa jepesi kuliko Ligi Kuu, hilo halina ubishi. Hata hivyo pointi 102 zinaonyesha kwamba kikosi hakikuwa kimekufa mwezi Mei. Kilikosa mtu anayekijua na aliyepewa msimu mzima. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Newcastle mjenzi alikuwepo tangu 2008, akiitwa kwa muda na kuwekwa kando kwa muda.

Somo halikushika mara moja. Hughton aliondolewa Desemba 2010. Alan Pardew aliifikisha timu nafasi ya 5 mwaka 2012, lakini mwaka 2016 Newcastle ilishuka tena, ikiwa imebadilisha meneja Machi huku zikibaki mechi 10. Safari hii mgeni alikuwa Rafael Benítez, mwenye Kombe la Ulaya kabatini, naye hakuiokoa. Tukio hilo linapunguza nguvu ya wanaodai kwamba tatizo la 2009 lilikuwa uchanga wa Shearer pekee. Benítez alibaki, akapewa msimu mzima, na mwaka 2017 akaipandisha ikiwa bingwa.

Oktoba 2021 klabu ilinunuliwa na kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa umma wa Saudi Arabia, na Novemba akaajiriwa Eddie Howe, yule wa Bournemouth. Timu haikuwa imeshinda mechi hata moja ya ligi. Ilimaliza ya 11, msimu uliofuata ikawa ya 4, na Machi 16, 2025 ikaifunga Liverpool 2-1 katika fainali ya Kombe la Ligi, kikombe chake kikubwa cha kwanza cha ndani ya nchi tangu 1955. Fedha za wamiliki wapya zilichangia sana, na kumbukumbu isiyosema hivyo haitakuwa ya kweli. Lakini fedha zilikuwepo pia mwaka 2008. Howe alikuja na zaidi ya miaka 10 ya umeneja, akavumiliwa kwa zaidi ya misimu mitatu kabla ya kombe, na akawa na sauti katika usajili.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1892 | East End yahamia St James' Park na kuwa Newcastle United |
| 1895 | Frank Watt aanza kazi ya ukatibu |
| 1905, 1907, 1909, 1927 | Ubingwa wa Uingereza |
| 1910, 1924, 1932, 1951, 1952, 1955 | Kombe la FA |
| 1930 | Andy Cunningham awa meneja wa kwanza |
| 1962–1975 | Umeneja wa Joe Harvey |
| 1969 | Kombe la Miji ya Maonyesho |
| 1992–1997 | Umeneja wa kwanza wa Kevin Keegan |
| 1999–2004 | Umeneja wa Sir Bobby Robson |
| 2009 | Alan Shearer aongoza mechi 8. Klabu yashuka daraja |
| 2010 | Chris Hughton airudisha Ligi Kuu kwa pointi 102 |
| 2016, 2017 | Kushuka na kupanda chini ya Rafael Benítez |
| 2025 | Kombe la Ligi chini ya Eddie Howe |

Hitimisho

Wengine wangependa mstari wa 2009 uondolewe kwenye jedwali la sherehe, ama kwa heshima ya mfungaji, ama kwa aibu ya klabu. Haustahili kuondolewa. Heshima ya Shearer imesimama juu ya mabao 206, na mechi 8 haziigusi. Alikubali kazi ambayo mtu anayejali zaidi rekodi yake angeikataa, na hakurudi tena kwenye umeneja. Aibu ya klabu nayo ina faida ikisomwa vizuri, kwa sababu mstari huo ndio unaoonyesha kiti cha meneja kikiwa kimevuliwa kila kitu isipokuwa jina la anayekikalia. Cunningham, Seymour, Harvey, Keegan na Howe wote walitoka uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyefaulu kwa sababu hiyo peke yake. Bodi itakayotaka kumwita nguli mwingine wa St James' Park kukiokoa kikosi ina wajibu wa kumwambia kabla hajatia saini amepewa mechi ngapi, nani anasajili, na wapi alijifunza kazi hiyo. Ikishindwa kujibu mawili kati ya hayo matatu, imwache aendelee kukaa jukwaani na wapenzi wake.